Kipimo cha Makao ya Wazee

Msomaji, yako mambo ambayo kila mtu hudai kuyajua mpaka siku aulizwapo jinsi alivyoyajua. Moja katika mambo hayo ni utunzaji wa wazee. Ukiuliza kama nyumba fulani huwatunza wazee vyema, utajibiwa upesi. Mmoja atasema ni nyumba njema kwa sababu kuta zake zimepakwa chokaa mpya. Wa pili atasema ni mbaya kwa sababu alisikia habari zake sokoni. Na wa tatu atasema hapana nyumba ya wazee iliyo njema, kwa kuwa mzee hafai kulelewa na wageni. Majibu hayo yote ni ya haraka, na hakuna hata moja lililomtazama mzee mwenyewe. Insha hii yataka kukuonyesha jinsi wanadamu walivyojifunza, kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa, kuipima kazi ya kuwatunza wazee, ili siku utakapotakiwa kutoa hukumu uwe na mizani mkononi. Na siku hiyo itafika, maana kila mtu ana mzee wake, na aishiye sana huwa mzee mwenyewe.

Tuanze karibu na nyumbani. Mtu atokaye kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Makupa kwenda Changamwe hupita Kibarani. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa jaa la mji. Takataka zilimwagwa kando ya maji ya bahari, na watu maskini walichakura humo riziki yao. Mwaka 2018 jaa lilifungwa, ardhi ikafunikwa, miti na nyasi zikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa, na msafiri wa leo aweza kupita hapo asijue kilichokuwako. Ni jambo jema kupendezesha mahali palipokuwa pabaya. Lakini Kibarani yatufundisha neno linalofaa kukumbukwa na kila mkaguzi: uso wa ardhi hausemi yaliyo chini yake. Atakaye kujua hali ya udongo ule sharti achimbe na kupima. Hali kadhalika makao ya wazee. Maua ya langoni ni mazuri kuyaona, lakini maua hayamlishi mzee asiyeweza kuinua mkono.

Huenda ukauliza kwa nini tuhangaike na makao ya wazee katika nchi ambayo mzee hutunzwa na wanawe. Swali lako ni la haki. Katika Mji wa Kale wa Mombasa, kama katika miji mingi ya pwani, nyumba nyingi zina bibi au babu aliye katika chumba cha ndani, aamkiwaye shikamoo asubuhi na kuombwa shauri jioni. Desturi hiyo ingali hai, na heri idumu. Lakini mji wa bandari ni mji wa watu waliotoka mbali. Tangu ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, watu wengi walikuja kutafuta kazi relini na gatini, wakaacha ukoo wao bara; na baadhi yao walizeeka katika vyumba vya kupanga, mbali na makaburi ya baba zao. Vijana wa pwani nao wametawanyika kwenda Nairobi, nchi za Ghuba na Ulaya. Mwana apelekaye fedha kila mwezi ni mwana mwema, lakini fedha haimgeuzi mgonjwa ubavu, wala haimpi maji usiku.

Iko habari nzito zaidi. Katika Kaunti ya Kilifi, kaskazini ya Mombasa, wazee wametuhumiwa uchawi kwa sababu ya mvi zao na macho yao mekundu, wakafukuzwa majumbani mwao, na wengine wakauawa. Na mara nyingi nyuma ya tuhuma hizo umekuwako ugomvi wa ardhi na urithi. Huko Ganze, mahali paitwapo Kaya Godoma, pamekuwa kimbilio la wazee waliookoka. Fikiri maana yake, msomaji. Mzee aliyekimbilia Kaya Godoma hakukimbia njaa wala vita. Alikimbia watu wa damu yake. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi hatuwezi kusema kwamba nyumbani ni pema daima na kwa wageni ni pabaya daima. Twapaswa kupima kila mahali, nyumbani na makaoni, kwa kipimo kimoja.

Sheria nayo imelitambua jambo hili. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba wazee wana haki ya kushiriki katika mambo ya jamii, kujiendeleza, kuishi kwa heshima bila ya kudhulumiwa, na kupata matunzo na msaada ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa serikali. Maneno hayo ni mazuri. Lakini ni nani atakayejua kama matunzo aliyopewa mzee ni matunzo yafaayo? Hapo ndipo kipimo kinapohitajiwa, na hapo ndipo historia inapotusaidia.

Katika miji ya Kiislamu ya zamani, hospitali zilijengwa kwa mali ya wakfu. Mwaka 1284 Sultani Qalawun alianzisha hospitali kubwa katika mji wa Kairo, na hati yake ya wakfu iliagiza kwamba wagonjwa wapokewe, wanaume kwa wanawake, wakae mpaka wapone, na gharama zote zilipwe na wakfu. Angalia uzuri wa hati kama hiyo. Nia njema ikibaki moyoni haiwezi kupimwa na mtu. Ikiandikwa, kila asomaye aweza kuuliza kama iliyoandikwa ndiyo inayotendwa. Wala haikutosha kuandika. Kabla ya hapo, mwaka 931, katika mji wa Baghdad, yasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alikufa kwa kosa la tabibu, na Khalifa Al-Muqtadir akaamuru kwamba asiwepo mtu atakayetibu watu pasipo kutahiniwa na tabibu wake mkuu, Sinan bin Thabit. Watu zaidi ya 860 wakatahiniwa. Aidha, muhtasibu, yule mkaguzi aliyepima mizani za wachuuzi sokoni, alikuwa na mamlaka ya kuwatazama matabibu pia. Kwa hiyo wazo la kwamba mtunzaji sharti akaguliwe na mtu mwingine si wazo lililoletwa juzi, wala si geni katika ustaarabu uliofika pwani yetu. Mombasa yenyewe yaujua wakfu vizuri. Sheria ya makamishna wa wakfu iliwekwa mwaka 1900, ikatungwa upya mwaka 1951, kwa kuwa ilionekana kwamba mali ya sadaka isiyo na msimamizi huliwa na wasiostahili.

Sasa tutazame Uingereza, kwa sababu huko twapata mfano wa jinsi nyumba ya kutunza watu iwezavyo kuwa nyumba ya kuwatesa. Mwaka 1834 Bunge la Uingereza lilipitisha Sheria ya Maskini. Ilitakiwa kwamba mtu mwenye nguvu aombaye msaada aingie katika nyumba ya maskini, na kwamba maisha ya humo yawe magumu kuliko maisha ya kibarua wa chini kabisa, ili watu waogope kuomba. Lakini waliojaa humo hawakuwa wavivu tu. Walikuwamo wagonjwa, yatima na wazee wasio na mtu. Mume alitengwa na mkewe hata kama walikuwa wameishi pamoja miaka 40.

Mwaka 1845 ikafichuka habari ya nyumba ya maskini ya Andover. Wakaaji walipewa kazi ya kuponda mifupa ya wanyama iwe mbolea, na chakula chao kilikuwa kidogo hata wakawa wakigombea mifupa ile ili wapate kunyonya uboho na kutafuna mabaki ya nyama. Nyumba hiyo ilikuwa na bwana wake, ilikuwa na halmashauri, na ilikuwa na sheria ya chakula iliyoandikwa. Kilichokosekana ni jicho la mtu aliyetaka kuona. Bunge likafanya uchunguzi mwaka 1846, na mwaka uliofuata ile tume iliyosimamia nyumba za maskini ikaondolewa na mahali pake pakawekwa baraza lililowajibika zaidi kwa Bunge. Mwaka huo huo wa 1847 sheria ikakataza kuwatenga kwa nguvu mume na mke waliopita umri wa miaka 60.

Mwaka 1858 mwanamke mmoja, Louisa Twining, alianzisha chama cha kuzitembelea nyumba za maskini. Wageni hawa hawakuwa na cheo cha kuamuru. Waliingia, wakaketi karibu na vitanda, wakasoma na kuzungumza, kisha wakatoka na kusema waliyoyaona. Wasimamizi wengi hawakuwapenda. Chuki yao yatufundisha kitu: nyumba isiyopenda mgeni aingie bila ya kutoa habari ina jambo inaloogopa lisionekane. Tangu zamani hizo mpaka leo, dalili ya kwanza ya nyumba njema ni mlango wake.

Lakini je, moyo mwema watosha? Swali hili lilijibiwa vitani. Katika vita vya Crimea, Florence Nightingale alifika na wauguzi wake katika hospitali ya Scutari, karibu na Istanbul, mwezi wa Novemba 1854. Walifanya kazi usiku na mchana, kwa huruma ambayo dunia yote imeisikia. Hata hivyo vifo viliendelea kuongezeka katika majira ya baridi, mpaka Februari 1855 walipokuwa wakifa wagonjwa kama 42 katika kila 100. Mwezi wa Machi ikafika tume ya usafi. Mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya jengo ikasafishwa, maji ya kunywa yakatengenezwa, madirisha yakafunguliwa kupitisha hewa. Kufikia Juni vifo vilikuwa vimeshuka hata kuwa kama 2 katika kila 100. Nightingale aliporudi kwao alizikusanya hesabu hizo, akazichora kwa michoro ya rangi mwaka 1858 ili hata waziri mwenye haraka aelewe kwa kutazama mara moja. Mwanamke huyo aliyesifiwa kwa taa yake alistahili kusifiwa pia kwa daftari lake. Taa ilimwonyesha mgonjwa mmoja. Daftari lilimwonyesha kilichowaua maelfu.

Turudi Afrika ya Mashariki. Historia ya matunzo katika nchi zetu ilianza na ubaguzi. Mombasa ilipata hospitali ya Wazungu mwaka 1891. Hospitali ya serikali kwa ajili ya wenyeji ilianzishwa Makadara mwaka 1908, na hiyo ndiyo asili ya hospitali kuu ya pwani ya leo. Kwa hiyo katika mji huu swali la kwanza la ubora halikuwa jinsi mgonjwa anavyotunzwa. Lilikuwa ni nani aruhusiwaye kupita mlangoni. Swali hilo halijafa. Makao yawezayo kumtunza vyema mzee mwenye mwana tajiri, na kumfukuza asiye na mtu, yamefaulu nusu ya mtihani.

Huko Zanzibar hali ya kisheria ya utumwa iliondolewa mwaka 1897. Watu waliotekwa wakiwa watoto, wakatengwa na koo zao, walipozeeka hawakuwa na mjomba wala mpwa wa kuwashika mkono. Uhuru uliwapa ruhusa ya kwenda popote, lakini haukuwapa mahali pa kwenda. Katika wakati wa utawala wa Kiingereza palikuwako Walezo, nje kidogo ya mji wa Unguja, nyumba ya maskini iliyotunzwa na masista wa Kikatoliki kwa msaada wa serikali, na humo walikaa watu wasio na kwao, wazee na wagonjwa. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali ya Mzee Abeid Amani Karume ilijenga nyumba za wazee huko Sebleni, na utunzaji ukawa wajibu wa dola mahali pa kuwa sadaka ya misheni. Tofauti ya maneno hayo mawili ni kubwa. Apewaye sadaka hushukuru na kunyamaza. Adaiye haki aweza kuuliza kwa nini chakula kimechelewa.

Mwaka 2016 Zanzibar ilipiga hatua nyingine. Ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza umri wa miaka 70 pensheni ya shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi, tajiri kwa maskini, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Kenya nayo, kwa mpango wa Inua Jamii, imewalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi tangu mwaka 2018. Fedha hizo si nyingi. Hata hivyo mzee mwenye shilingi zake aweza kumtuma mjukuu dukani na kumwachia chenji, na mzee wa namna hiyo husikilizwa zaidi kuliko yule aombaye sabuni. Hii pia ni sehemu ya ubora: utunzaji mwema humwongezea mzee uwezo wa kuamua, na utunzaji mbaya humpunguzia.

Sasa tumekwisha kukusanya mafunzo mengi: hati iliyoandikwa, mtihani wa mtunzaji, mlango ulio wazi, hesabu ya vifo, haki mahali pa sadaka. Mtu aliyeyapanga mafunzo ya namna hii yakawa elimu moja ni Avedis Donabedian, tabibu wa asili ya Kiarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919 na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1966 aliandika makala mashuhuri akieleza kwamba ubora wa matunzo waweza kutazamwa katika mambo matatu. La kwanza ni vilivyopo: jengo, vitanda, maji, dawa, idadi ya watunzaji na elimu yao. La pili ni yatendwayo: jinsi kazi inavyofanywa siku kwa siku. La tatu ni yatokeayo: hali ya mtu baada ya kutunzwa. Tuyajaribu mambo haya kwa mfano wa makao ya kubuni katika mji wenye joto kama Mombasa, ambamo amelala mzee aliyepooza upande mmoja wa mwili.

Katika vilivyopo, mkaguzi huuliza maswali mepesi. Je, kitanda kina godoro la kutosha? Je, maji ya mfereji yapo, na yasipokuwapo yako mapipa? Je, choo kina mahali pa kushikilia, au mzee atateleza? Usiku wako watunzaji wangapi kwa wazee wangapi? Swali hilo la mwisho ni zito kuliko yote, kwa sababu mchana wageni huja na watunzaji huwa wengi, lakini mzee huanguka pia usiku. Mambo haya yahesabika kwa urahisi, na kwa hiyo wakaguzi wavivu huishia hapo. Lakini nyumba yaweza kuwa na mapipa yaliyojaa maji na mzee akawa na kiu.

Basi tuingie katika yatendwayo. Mzee huyu hawezi kujigeuza. Asipogeuzwa, nyama ya mgongoni na nyongani hubanwa na uzito wa mwili, damu haipiti, ngozi hufa, na kidonda huanza ambacho chaweza kufika mfupani. Mazoea ya wauguzi yamekuwa kumgeuza mgonjwa wa namna hii kila baada ya saa mbili. Je, hugeuzwa? Daftari lasema hugeuzwa. Mkaguzi mwenye busara hasomi daftari peke yake, maana alama zote zaweza kuandikwa asubuhi kwa kalamu moja. Hukaa saa tatu chumbani na kutazama. Vilevile hutazama jinsi mzee anavyolishwa. Je, mtunzaji huketi na kungoja ameze, au husimama akimtia kijiko kinywani huku akizungumza na mwenziwe? Je, mwanamke huogeshwa na mwanamke, na mlango umefungwa? Je, Mwislamu husaidiwa kutawadha na kuelekezwa kibla, na Mkristo huweza kumpata kasisi wake? Je, mzee huitwa kwa jina lake na kwa adabu ya umri wake, mama fulani au mzee fulani, au huitwa kwa namba ya kitanda? Mambo haya hayagharimu fedha nyingi, na ndiyo ambayo mzee huyakumbuka.

Kisha yatokeayo. Je, mzee ana kidonda alichokipata hapo hapo makaoni? Je, uzito wake umepungua mwezi kwa mwezi? Wazee wangapi walianguka mwaka huu, na wangapi walivunjika? Je, mzee ana furaha au amekata tamaa? Hapa ndipo ukweli unapokaribia kuonekana, lakini napo pana mtego. Makao yapokeayo wazee waliodhoofika sana yatakuwa na vifo vingi kuliko makao yachaguayo wenye nguvu, na mhesabu asiyefikiri atayasifu yale ya pili na kuyalaumu yale ya kwanza. Haki ni kumlinganisha mzee na hali yake mwenyewe siku alipoingia. Kwa hiyo makao mema humpima mzee siku ya kwanza, huandika, na humpima tena baadaye.

Mambo haya matatu hutegemeana. Vilivyopo vikiwa haba, kutenda vyema huwa vigumu. Kutenda kukiwa kubaya, matokeo hayawi mema ila kwa bahati. Lakini hakuna hata moja liwezalo kusimama mahali pa mengine.

Kuna shahidi mmoja ambaye kwa muda mrefu alisahauliwa, naye ni mzee mwenyewe. Mwaka 1962 mtaalamu wa Kiingereza Peter Townsend alitoa kitabu juu ya makao ya wazee ya Uingereza na Wales baada ya kuchunguza makao 173. Mengi yalikuwa majengo yale yale ya nyumba za maskini za zamani, yamebadilishwa jina tu. Townsend alizungumza na wazee, akaona kwamba hata walipolishwa na kuvikwa, wengi walikuwa wamepoteza kazi, siri na urafiki: hawakuwa na la kufanya, hawakuwa na kabati la kufunga, na hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Hesabu ya vitanda isingeweza kamwe kumwonyesha jambo hilo.

Huko Marekani, ripoti ya wataalamu ya mwaka 1986 ilionyesha uovu mwingi katika makao ya wazee, na mwaka 1987 ikatungwa sheria mpya. Sheria hiyo iliamuru kwamba kila mkaaji apimwe hali yake kwa utaratibu mmoja, kwamba asifungwe kitandani wala kitini kwa ajili ya wepesi wa watunzaji, na kwamba wakaguzi waende bila ya kutoa habari na wazungumze na wakaaji wenyewe. Jambo la kufunga lafaa kuangaliwa. Wazee walikuwa wakifungwa, na watunzaji wakasema kwa moyo safi kwamba ni kuwakinga wasianguke. Lakini afungwaye hudhoofika miguu, hupata vidonda, na hupoteza hamu ya kuishi. Hivyo kitendo kilichoitwa ulinzi kilipopimwa kwa matokeo yake kilionekana kuwa madhara.

Wala usidhani kwamba nchi tajiri zimemaliza kazi. Ugonjwa wa korona ulipoenea mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi wa Aprili kwamba huenda nusu ya waliokufa katika Ulaya walikuwa wakaaji wa makao ya matunzo. Nchi zenye majengo mazuri, sheria ndefu na wakaguzi wengi zilishtuka kuona kwamba wazee wao walikuwa mahali dhaifu kuliko pote. Milango ilifungwa ili ugonjwa usiingie, na ilipofungwa, jamaa walioweza kuona na kusema hawakuingia tena.

Msomaji kijana, huenda wajiuliza wewe ni nani hata uwe mkaguzi. Huhitaji cheo. Siku utakapomtembelea mzee, awe katika makao au katika chumba cha nyuma cha nyumba ya jirani, fanya mambo machache. Nenda saa ambayo hukutarajiwa, lakini kwa adabu. Keti chini ya kimo cha macho yake, si juu yake. Tazama kama maji yako mahali mkono wake unapofika. Mwulize jana alikula nini, na usimwulize mbele ya amtunzaye, maana mtegemezi hawezi kumlaumu kwa sauti yule ambaye atabaki naye usiku. Akinyamaza, usifanye haraka kujaza kimya kwa maneno yako. Kisha umtazame mtunzaji kwa haki pia. Mtunzaji mmoja aliyeachiwa wazee wengi kupita uwezo wake, kwa mshahara usiotosha nauli, hawezi kutenda vyema hata akiwa na moyo wa dhahabu. Na kumlaumu yeye peke yake ni kumwachia salama aliyempa kazi hiyo.

Ukikuta mema, yaseme hadharani, kwa kuwa wema usiotajwa huchoka. Ukikuta mabaya, yapeleke kwa wenye mamlaka, ukitaja siku, mahali na ulichokiona, wala usiongeze. Habari iliyoongezwa chumvi humsaidia mkosaji, kwa maana akikanusha kimoja kilicho cha uongo huaminiwa katika vyote.

Hukumu nyingi za wanadamu ni juu ya watu wenye nguvu: wafalme, majemadari na matajiri. Watu hao hawakosi wa kuwaandikia. Lakini mzee aliyelala hana mwandishi, hana kura anayoweza kuipeleka kituoni, na mara nyingi hana sauti ifikayo mlangoni. Kwa sababu hiyo taifa laweza kumdhulumu miaka mingi na lisijue kwamba linadhulumu. Wa Andover hawakupata msaada mpaka mtu alipouliza juu ya mifupa. Wa Scutari hawakuacha kufa mpaka mtu alipoutazama mfereji. Nasi hatutajua hali ya wazee wetu mpaka tujifunze kuuliza mambo madogo, kuyaandika yalivyo, na kurudi tena kesho kuuliza.